Upande wa Anastazia

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, kila siku ya kazi, Zebedayo alilisukuma gari lake la pedeli kutoka uani, akaligeuza kuelekea Raskazone, akafuta umande kwenye viti vinne kwa kitambaa kilekile. Viti viwili vya nyuma vilikuwa vya abiria. Cha mbele kulia, penye usukani na breki, kilikuwa chake. Cha mbele kushoto kilikuwa cha mkewe Anastazia, aliyefariki mwezi wa Machi, na aliendelea kukikalia.

Anastazia alirudi kazini siku ya pili baada ya kuanua matanga. Zebedayo alikuwa amepanda peke yake, amejiandaa kwa safari nzito, mara kiti cha kushoto kikabonyea na pedeli za upande ule zikaanza kuzunguka, kwanza taratibu, kisha kwa mwendo wa siku zote. Zebedayo akasema, "Umekuja, mama Loveness." Hakujibiwa. Akaachia breki, wakaenda.

Abiria walizoea ndani ya wiki moja. Mwalimu Benedikta, aliyepanda pale Chumbageni na furushi la madaftari, alisema "shikamoo baba" akitazama kulia, "shikamoo mama" akitazama kushoto, akangoja kidogo kwa adabu, kisha akafungua madaftari akaanza kusahihisha. Wengine waliuliza kama mama hajambo, wakaambiwa hajambo, anashukuru. Mtu mmoja tu, mgeni kutoka Maramba, alitaka kukaa mbele apunge upepo. Aliambiwa kiti kina mtu, akakaa nyuma.

Kilichomtesa Zebedayo ni ukimya. Anastazia wa uhai alikuwa msemaji, aliyemjua kila muuza maandazi kwa jina na kila mgonjwa kwa ugonjwa wake. Huyu wa sasa alikanyaga tu. Gari likifika uani alasiri, kiti kiliinuka, na ndiyo ilikuwa basi mpaka kesho. Zebedayo alipika ugali wa mtu mmoja, kipimo kikamshinda, akawa anakula kiporo kila asubuhi. Loveness, binti yao, alipiga simu kila Jumapili kutoka Dodoma kuuliza kama baba anakula. Baba alisema anakula. Alikuwa mpweke, mpweke kabisa, na saa pekee alizojiona mtu kati ya watu zilikuwa zile za barabarani, bega kwa bega na kiti kilichobonyea.

Lakini bajaji ziliwapita kulia na kushoto, abiria wenye haraka wakapungua, na magoti yake yalikuwa yakimlalamikia tangu masika. Akaamua kulifunga gari injini. Kwa watu alisema anafanya hivyo ili mama Loveness apumzike. Maneno hayo yalipendeza, akayarudia hata kwa wasiouliza.

Kazi alimpa fundi Uweso wa Ngamiani, aliyelitunza gari lile tangu lilipoundwa miaka kumi na mmoja nyuma. Uweso alikuwa na injini ya pikipiki ambayo mwili wake ulishakwenda kwa wauza vyuma chakavu, injini yenyewe ikiwa nzima. Aliligeuza gari matairi juu, akafungua cheni. Zilikuwa mbili, kila upande na cheni yake na gia yake, kiasi kwamba mmoja akiacha kukanyaga, miguu ya mwenzake haipati habari. Zebedayo mwenyewe ndiye aliyeagiza liundwe hivyo, ili mume na mke wasigombane kuhusu mwendo.

Uweso alizisafisha gia zote mbili kwa petroli, akazipanga juu ya gunia.

"Mzee wangu, hebu sogea uone."

Meno ya gia ya kushoto yalikuwa yamelika, yamebaki vijincha vyembamba. Ya kulia yalikuwa kamili, na katikati ya jino na jino bado ilikuwepo rangi nyeusi ya kiwandani.

Zebedayo alisema huenda ile ya kulia ilibadilishwa karibuni.

"Mie ya kulia sijawahi kuigusa," Uweso akasema. "Ya kushoto hii ni ya tano. Mama alikuwa akija nalo mwenyewe alasiri, wewe umelala. Alisema nisikusumbue."

Zebedayo akakaa juu ya tairi bovu. Miguu yake ilizunguka miaka yote ile, hilo alikuwa na hakika nalo. Ilizunguka kwenye upepo mtupu. Alikuwa na mzaha wake kwa abiria, kwamba yeye kila siku anamvuta mke wake kumpeleka kazini, na abiria walicheka. Anastazia naye alicheka, akihema, na Zebedayo alidhani anahema kwa kicheko.

Uweso alimweleza kwamba injini ikishafungwa, cheni ya kushoto haina kazi tena. Ikitolewa, mama atakuwa amepumzika kweli. Zebedayo akasema aitoe. Pedeli zake mwenyewe zilitolewa pia, pakachomelewa kibao cha kuwekea miguu.

Jumatatu gari lilienda kwa injini. Kiti cha kushoto hakikubonyea. Benedikta alisalimia kulia, akatazama kushoto, akauliza kama mama hakuja.

"Amepumzika," Zebedayo akasema.

"Afadhali. Amefanya kazi sana."

"Ulikuwa unajua?"

"Sisi tunaokaa nyuma tunaiona miguu, baba."

Alisema hivyo kwa upole, akaendelea kusahihisha.

Siku nne zilizofuata Zebedayo aliendesha na kiti kitupu pembeni. Gari lilikimbia, magoti yalinyamaza, abiria waliongezeka. Akishika breki, mkono wake wa kushoto ulijinyoosha wenyewe kuzuia mtu asitupwe mbele, ukakuta hewa. Siku ya tatu alikisimulia kiti habari za dada yake Kristina wa Mkwaja aliyevunjika kiuno, kwa sauti kubwa ili ashinde kelele za injini, na abiria wa nyuma wakadhani anasema nao, wakampa pole. Siku ya nne hakusema neno. Alihisi kwamba sasa ndipo amefiwa.

Jumamosi mchana aliitoa cheni kwenye mfuko ambao Uweso alimfungia. Aliipaka grisi akaifunga upande wa kushoto, pamoja na gia mpya aliyoinunua kwa Uweso, kwa mikono yake, akimwomba mkewe radhi kwa kila jino la gia, na hakuacha kukaza nati.

Jumatatu kiti kikabonyea. Zebedayo alilia kwa furaha mbele ya geti lake, na lazima isemwe kwamba furaha ile ilikuwa yake peke yake. Alimwambia mkewe asikanyage, akae tu, injini ipo. Pedeli zikaanza kuzunguka.

Baada ya wiki tatu Uweso alikuja kulikagua gari. Alichovya kijiti kwenye tangi akakitazama, akakifuta, akachovya tena. Petroli ilikuwa palepale Zebedayo alipoijaza wiki tatu nyuma. Akaishika injini, iliyokuwa imetoka kunguruma mpaka Raskazone na kurudi, na ilikuwa ya baridi kama mtungi.

"Hii inapiga kelele tu," akasema. "Haivuti kitu."

Akachutama upande wa kushoto. Gia ya sita, iliyofungwa mpya mwezi uleule, ilikuwa imeshaanza kulika. Akachukua spana, lakini kabla hajaiweka kwenye nati alimtazama mwenye gari. Zebedayo alikuwa ametazama barabarani. Alisema ana abiria wa saa nane, kisha akaomba auziwe gia nyingine ya kushoto, ikae kama akiba. Uweso akairudisha spana sandukuni, akaenda kumtafutia.

Asubuhi iliyofuata, penye kile kilima kidogo kabla ya shule, Benedikta alifunika daftari lake. Pedeli za kushoto zilikuwa zinakwenda mbio, na kiti kilikuwa kinapanda na kushuka kwa pumzi. Akainama mbele akauliza, taratibu, kama mama hachoki.

"Ameshazoea," Zebedayo akasema, akavuta mafuta.