Kokoto Zilizosuguliwa

Niliomba kibarua cha miezi mitatu, nikakaa miaka minne. Mimi, ambaye hakuna mji uliowahi kunizoea.

Kazi yenyewe iko nyuma ya kiwanda cha kutia vitambaa rangi: vitalu viwili vya matete, ukuta huku, ukuta kule, mto mbele. Maji ya rangi yanaingia mekundu, yanapita taratibu kwenye kokoto na mizizi, yanatokea upande wa pili kwenda mtoni, ambako watu wanachota ya kunywa. Kila asubuhi nakinga gilasi moja ya maji yanayotokea, naweka gazeti nyuma yake. Nikisoma herufi ndogo, nafungua bomba la mtoni. Nisipozisoma, silifungui. Shule nilisoma kwa kudokoadokoa. Hapa ndipo nilipomalizia.

Nimeaga mara tatu. Kila nikiaga matete yananyauka, meneja ananirudisha.

Safari hii alipiga simu dada yangu mkubwa. "Mdogo wangu, jicho moja limeshakwenda, la pili linafuata. Njoo nikuone ningali naona."

Meneja akakubali, mradi niache mtu. Nikamfundisha mwanamama wa idara ya kufua, tunamwita Mama Povu. Mabomba, kukata matete, gilasi na gazeti, vyote akavishika.

"Na vitalu vyenyewe, babu, nivitunze vipi?"

"Kama jiko lako," nikamjibu. Akili yangu ilikuwa imeshapanda basi.

Siku ya kuondoka nikapita kumuaga, begi begani, viatu vipya miguuni. Nikamkuta na wenzake wanane, mikono ya nguo imekunjwa, wanacheka. Walikuwa wamefukua kokoto zote tangu jana yake, wakazisugua kwa dawa ya madoa. Zinameta kama mayai.

"Babu, zilikuwa na utelezi kama kamasi! Miaka minne unaishi na uchafu huu? Wanaume nyie!"

Nikakaa juu ya begi.

"Mama Povu, ule utelezi ndio unaokula rangi. Matete yanaushikilia tu."

Kicheko kikakatika. "Si utaota tena?"

"Utaota. Unapandwa kwa utelezi unaochotwa kwenye mfereji wa zamani wa kiwanda, unalishwa rangi kidogo kidogo. Ukizidisha unakufa. Miezi minne, mitano."

"Nifundishe basi, nitafanya mimi."

"Haufundishiki kwa siku moja. Mimi mwenyewe niliuua mara mbili kabla sijaujua."

Akaangalia mikono yake. "Ulisema kama jiko."

"Nilisema."

Nikakinga gilasi. Gazeti nyuma yake halikuonekana hata picha. Nikafunga bomba la mtoni, nikampigia dada.

"Umefika stendi?"

"Bado. Dada, leo unaona nini?"

"Dirisha. Mtu akipita, namjua kwa kivuli. Huji."

"Nakuja. Hilo dirisha usiliache."

"Haya. Nalishikilia."

Nikavua viatu vipya, nikavifunga kamba pamoja, nikavitundika ukutani. Mama Povu akanipa ndoo, nikashuka mferejini.