Mwendo wa Kisilu

Wayua, mama wa bibi harusi, alilisema wazi, tena mbele ya kamati nzima. "Kanyiva, hii video ya msichana wangu sitaki ichechemee."

Wanakamati wakaangua kicheko. Kanyiva naye akacheka, maana anayekupa kazi akikutania, unacheka naye kwanza. Hasira utaitoa ukifika nyumbani.

"Na mko wangapi, tujue sahani?" Wayua aliuliza.

"Wawili," Kanyiva alijibu, kisha akajiuma ulimi. Kila mtu pale Mbumbuni alijua kwamba mumewe alikufa mwaka jana. Hakuna aliyemsahihisha. Tangu msiba alikuwa akijibu hivyo kila harusi, na kila harusi alirudi nyumbani na sahani ya pili imefungwa kwenye mfuko.

Wayua hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na duka la mbegu na mdomo usio na breki, na alichosema kilikuwa kweli. Video zilizotoka kwenye studio ya Kanyiva kule Tulia zilichechemea. Picha ilipanda, ikalala upande kidogo, ikashuka, ikapanda tena. Zamani watu wakiiona walisema, "Hii ni ya Kisilu," wakaipenda hivyo hivyo. Siku hizi kila mtu ana simu isiyotikisa picha, na mapenzi ya namna hiyo yamekwisha.

Kisilu ndiye aliyekuwa mumewe. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi tangu utotoni, na kila alikopita na kamera begani, mguu huo uliingia kwenye picha. Kanyiva alishika taa. Waya wa taa ulitoka kwenye begi la betri mgongoni mwa Kisilu, waya mfupi wa kuudhi, na ilibidi watembee kwa hatua moja au mmoja amvute mwenzake. Walitembea hivyo miaka mingi, kanisa hili na lile, Kitui na Makueni yote. Mungu hakuwajalia mtoto. Wao walisema amewapa harusi za watu. Kisha presha ikamwangusha Kisilu, na mvua za Novemba zikamkuta amekwisha kuzikwa nyuma ya nyumba. Katika video zote alizopiga hayumo hata katika moja. Mshika kamera haonekani.

Kanyiva alirithi kamera. Video zilipoendelea kuchechemea, aliilaumu kamera kuwa imezeeka.

Basi akaenda Kitui mjini kutafuta gimbal, kile kishikio chenye mota ndogo ndogo kinachoituliza kamera hata mkono ukitetemeka. Duka lilikuwa la Ilhan, binti wa Kisomali mwenye subira kuliko umri wake. Alipanga tatu juu ya kaunta.

"Mama, hii ndogo ni ya simu, achana nayo. Kamera yako itaivunja shingo. Hii kubwa inabeba mpaka camera ya TV, lakini ukifika kwa keki mkono umekufa. Watu wa harusi wanachukua hii ya katikati."

Alimfundisha kuweka kamera na kuisogeza mbele na nyuma mpaka ikae yenyewe bila kuinama popote. "Usiwashe kabla haijakaa. Ikielemea upande, mota zinalia tu mpaka zinaungua." Kanyiva aliipenda kazi hiyo ya kutafuta uzani, mikono yake ilikuwa haijafanya kitu kipya siku nyingi.

"Sasa tembea huko nje na kamera peke yake, halafu na gimbal, uone tofauti."

Alitembea kando ya maduka, akarudi. Ilhan akaitazama picha ya kwanza, kisha akamtazama miguuni.

"Pole, mama. Mguu unauma?"

"Mguu gani?"

"Huu wa kushoto. Si unachechemea?"

"Mimi? Miguu yangu ni mizima kabisa."

Ilhan hakubishana. Aligeuza tu kioo cha kamera. Kanyiva akaona muuza viatu akipanda, akilala upande, akishuka. Akaona mwanamke wa mahindi akipanda, akilala upande, akishuka. Aliyekuwa akipita mbele ya maduka ya Kitui, mchana kweupe, alikuwa Kisilu. Haikuwa kamera hata siku moja. Ule waya mfupi ulikuwa umemfundisha mwendo wa mumewe, naye akauvaa bila kujua.

Walitazama picha ya pili, ya gimbal. Kulala upande kulikuwa kumekwisha. Kupanda na kushuka kulibaki. Akajaribu ile kubwa, ikawa vilevile.

"Hakuna inayotoa na hii?" aliuliza. Alitaka mashine imwondoe Kisilu yenyewe, asije akawa ni yeye aliyemwondoa.

"Ya mkono hakuna, mama. Hizi zinashika kuzunguka na kulala. Hii ya juu na chini ni miguu yako. Kunja magoti, utembee kama mtu amebeba maji kwa kichwa."

Kanyiva akacheka, mara ya kwanza siku ile. "Kwa kichwa? Sisi Wakamba maji tunabeba na mgongo, mwanangu."

"Basi na mgongo! Mimi nitajua wapi? Kwetu hubebwa na punda."

Kanyiva aliirudisha ile kubwa juu ya kaunta. Angeweza kumwambia Wayua atafute mwingine. Lakini bila harusi za watu angebaki na nini? Nyumba yenye kiti kimoja kinachokaliwa. Akachukua ile ya katikati.

Nyumbani alitoa mukwa wa mama yake, ule mkanda wa ngozi wa kubebea maji, akaufunga kwenye mtungi uliojaa na kuupitisha kwenye paji la uso. Magoti yakajikunja yenyewe. Hatua zikawa fupi, kisigino kwanza, vidole baadaye. Huo ulikuwa mwendo wake wa usichana, wa kwenda mtoni kabla hajamjua Kisilu wala kamera. Gimbal mkononi, mzigo mgongoni, alizunguka ua mpaka majirani wakadhani ameanza kuchanganyikiwa. Mwanzoni mguu wa kushoto ulikataa. Baadaye ulikubali, na kila ulipokubali Kanyiva alijiona anamfukuza mtu nyumbani kwake.

Harusi ya Mbumbuni ilikuwa nzuri. Bibi harusi aliingia kanisani akicheza, na Kanyiva akarudi kinyumenyume mbele yake, magoti yamekunjwa, bila kutikisa hata ua moja. Watu walipokwisha kula, Wayua alichungulia kioo cha kamera.

"Ehe! Sasa hii imetulia. Ni kama hakuna mtu ameshika."

"Kweli," Kanyiva alisema. "Hakuna mtu."

Wayua alidhani ni mzaha, akacheka na kumtilia pilau kwenye mfuko.

Kesho yake, baada ya ibada, Kanyiva aliondoa kamera kwenye gimbal, akaiweka begani kama zamani, akatembea kutoka mlangoni hadi kaburini. Akaitazama picha. Ilikuwa imenyooka. Akarudia kwa haraka, bila kufikiri miguu. Imenyooka. Mara ya tatu alichechemea makusudi. Picha ilipanda na kushuka, lakini haikuwa ya Kisilu. Ilikuwa ya watoto wa sokoni Tulia waliokuwa wakimfuata Kisilu nyuma na kumwigiza kwa kejeli. Aliona haya. Akaifuta, akaketi kando ya kaburi na kulia kwa sauti, wala hakujali nani anasikia.

Simu ikaita. Ilikuwa namba ngeni, mwanamume wa kule Kiboko. Alikuwa ameona vipande vya harusi ya jana kwenye simu ya binamu yake, naye anamwoza binti yake mwezi ujao. Walikubaliana tarehe. Kanyiva alijibu yote kwa sauti ya kazi, akijifuta uso na ncha ya leso.

"Na mko wangapi, mama, tujue chakula?"

Kanyiva aliligeukia kaburi, simu ikamshuka sikioni. "Haloo?"

"Mmoja," Kanyiva alisema. "Ni mimi tu."