Kuku wa Musoki na Resori ya Kamate

Kwao Musoki, mama hataji jina la mukwe wake wala hamgombezi usoni. Akiwa na neno, anamwambia mtu mwingine, na mukwe anajisikilizia. Jumamosi hiyo, pale Mudzipela, huyo mtu mwingine hakuwepo: binti yake Kavira alikuwa sokoni. Basi Musoki, akichambua maharagwe mlangoni, akaongea na kuku.

"Kuku, tumebarikiwa. Jana tulikuwa na motari tu. Leo tuko na injenia."

Injenia, yaani Kamate, mume wa Kavira, ambaye kazi yake ni kubeba abiria kwa pikipiki, alikuwa ameketi barazani na amortisa ya pikipiki hiyo, ile inayomeza mishtuko ya barabara, katikati ya magoti. Ilikuwa imekufa, kila shimo la barabara lilipanda moja kwa moja mpaka kiunoni mwa abiria. Na abiria wa kesho alikuwa Musoki. Mjukuu wake Chancelle anaolewa Iga Barrière, na mgongo wa bibi haungefika huko bila amortisa. Kamate alikuwa amepata nyingine, nzima ndani ila resori yake, ile springi inayoizunguka, imevunjika. Alitaka kutoa resori ya ile ya zamani aivalishe hiyo. "Kazi ya dakika kumi," alimwambia mke wake asubuhi. Sasa ilikuwa saa nane mchana.

Resori haitoki mpaka ibanwe, ndipo vile vyuma viwili vidogo vinavyoishikilia juu vitolewe. Na Kamate alibana kwa kitu gani? Kwa mipira yake ya kufungia mizigo! Kwa mipira hiyo alishapeleka Iga mbuzi wawili, mlango na kitanda pamoja na godoro lake.

"Hii mupira haijanidanganya hata siku moya," alisema kwa sauti, ili kuku asikie.

Akaikandamiza resori kwa ubao, akapanda juu na uzito wake wote, akazungusha mpira, akazungusha tena.

"Kuku, kitendawili," akasema Musoki. "Amefungwa mikono na miguu, silaha hana, lakini aliyemufunga ndiye anapaswa kuogopa. Ni nani?"

Kuku akadonoa haragwe.

"Haujui? Usisikie aibu. Hata wenye diplome hawajui."

Mtu anamjibuje mama mukwe ambaye hajamsemesha? Kamate akainama, turnevisi, yaani bisibisi, mkononi, uso juu kabisa ya resori, utadhani anataka kuibusu.

Hapo Musoki akaona. Mpira unashika mbuzi vizuri kwa sababu unavutika, na sasa ulikuwa unavutika, polepole, kama mtu anayejinyoosha kitandani. Chuma cha kwanza kikaanguka kwenye simenti: ti! Musoki akamtafuta kuku. Kuku alikuwa ameshaondoka, mwenye akili wa nyumba ile.

"Kamate! Toa uso!"

Miaka tisa jina hilo halikuwahi kupita mdomoni mwake. Kamate aliruka nyuma, akidhani kuna mtu amekufa. Resori ikapita palepale pua yake ilipokuwa, ikatoboa bati, ikarudi kuoga kwenye beseni la maharagwe.

Kamate akajigusa macho. Moja. Mawili. Musoki akafunika mdomo kwa kitenge kwa aibu.

Kisha akamwona kuku nyuma ya jiko.

"Kuku, Ephraïm anayechomelea vyuma, nyumba ya tatu, iko na vyuma mbili virefu vya nati, na makucha ya kushika resori ku mwisho. Unaweka moya huku, moya huku, unakaza kidogo kidogo, pande zote sawa, uso kando. Lakini nani anaomba Ephraïm, na mipira iko?"

Kamate akaenda kwa Ephraïm. Aliporudi alikaza nati nusu mzunguko huku, nusu mzunguko kule, gunia zito limefunika resori, uso ameupeleka pembeni kama anayekwepa busu la shangazi. Kabla ya jua kuzama pikipiki ilisimama mlangoni, ikibonyea na kuinuka bila kelele.

Kamate akamgeukia kuku.

"Kuku, umwambie mama saa kumi na mbili ya asubui tunaenda. Na ile jina... umwambie mimi sikusikia kitu."

Musoki akatazama juu. Mwanga wa jioni ulikuwa ukipita kwenye tundu la bati, mwembamba kama uzi.

"Kuku, umwambie bati ilisikia. Apande aizibe mbele ya mvua."