Wenye Picha Nzuri

Mariuxi alimshika mumewe begani na kiunoni, akamgeuzia ubavu wa pili, kisha akamwekea mto mgongoni. Katika wodi ile ya hospitali ya jiji la Guayaquil, wagonjwa waligeuzwa na jamaa zao. Wauguzi walikuwa wachache na kila siku walikuwa na haraka. Asiyekuwa na jamaa alilala vile alivyolazwa.

Ndivyo alivyolala mzee Segundo wa kitanda cha jirani. Binti zake walikuwa Hispania, wakiogesha wazee wa watu wengine.

"Dada Mariuxi," aliita kwa ulimi mzito, "ukimaliza na huyo bwana harusi, nami nigeuze. Upande huu umeshaiva."

"Subiri zamu yako, mzee. Hata ndizi hugeuzwa moja moja."

Alimgeuza. Wanaume hao wawili walikuwa na maradhi yale yale: mshipa umepasuka kichwani, damu ikavujia kwenye ubongo. Segundo alibaki na ulimi wa kutania. Wellington, mumewe Mariuxi, fundi mwashi, alibaki na macho tu.

Daktari Icaza alikuja na picha ya kichwa cha Wellington, akaiinua mbele ya dirisha.

"Unaliona doa hili jeupe, mama? Damu imekaa palepale inapopita njia ya kupeleka amri mguuni na mkononi. Wa namna hii mara nyingi hawarudi kutembea. Leo namruhusu aende nyumbani."

"Nyumbani akafanye nini? Na ile wodi ya mazoezi je?"

"Kule vitanda havitoshi. Wanapewa wenye picha ya matumaini."

"Basi mpigeni nyingine. Kidole cha mguu kimecheza, nimekiona kwa macho yangu."

"Picha ya pili tunaiomba mgonjwa akionyesha maendeleo."

"Maendeleo atayatoa wapi bila mazoezi?"

Daktari aliishusha picha. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuudhi Mariuxi zaidi, maana mtu mbaya angalau ungemtukana ukapumua. "Sheria sikuitunga mimi," alisema, akageukia kitanda cha pili.

Picha ya mzee Segundo ilikuwa nzuri, damu ilipita kando ya ile njia. Kitanda chake cha mazoezi kilikuwa tayari. Ila kule kwenye wodi ya mazoezi, ghorofa ya chini, alitakiwa jamaa wa kushinda naye kila siku, na kama hana, kesho angepewa mwingine.

"Picha yangu mrembo wa kutwaa taji," mzee alisema daktari alipoondoka, "tatizo hana wa kumshika mkono apande jukwaani." Akacheka, kisha mdomo ukampinda na machozi yakamtoka.

Mariuxi alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Halafu akashuka ghorofa ya chini kwa afisa wa ustawi wa jamii.

"Wewe ni nani wa mzee Segundo?" afisa aliuliza.

"Dada yake."

"Mbona majina ya ukoo hayafanani?"

"Baba yetu alikuwa na mambo mengi."

Afisa alicheka, akagonga muhuri.

Wellington alipelekwa nyumbani, akawa chini ya uangalizi wa mama yake. Mariuxi aliacha kuuza bolón, zile ndizi za kupondwa zilizowalisha asubuhi zote. Mchana akawa dada wa mtu, jioni mke wa mtu. Freddy, mtaalamu wa mazoezi, alimfundisha kumsaidia mzee: kisigino kiganjani, goti likunjwe taratibu, mgonjwa asukume. Jioni alimfanyia Wellington vilevile mpaka mabega yakamuuma. Siku moja kisigino kilisukuma. Kilisukuma kidogo sana, lakini kilisukuma. Alilia kwa furaha, kisha akalia kwa hasira, kwa kuwa daktari angesema kimechezacheza chenyewe tu, hayo si maendeleo.

Mzee Segundo alipotembea kutoka kitandani hadi mlangoni, daktari mkuu alikuwepo na wanafunzi wake.

"Mmeona?" aliwaambia. "Picha ilitabiri, na haikukosea. Waliokuwa na picha mbaya hakuna hata mmoja aliyerudi kutembea."

Wanafunzi waliandika. Mzee Segundo, aliyekuwa na utani kwa kila jambo, aliinamisha kichwa. Mariuxi alitaka kusema kwamba hao hawakupewa mazoezi, lakini angesema angeulizwa yeye ni nani, na kesho mlango ule usingemfungukia.

Daktari mkuu alipotoka, Mariuxi alimshika Freddy mkono.

"Nionyeshe tena lile zoezi la goti."

"La nini? Kaka yako goti limeshapona."

"Nionyeshe tu," Mariuxi alisema. "Na leo nenda polepole."