Usiku Niliokuwa Sodiamu

Ndoto ya usiku wa jana ilinikuta nimesimama kwenye foleni, na nilikuwa sodiamu.

Sikushangaa. Katika ndoto mtu hupewa cheo akakikubali. Kabla ya hapo nilikuwa Longinus Ndunguru, miaka thelathini na minne, mwanafunzi wa uuguzi hapa Songea, mwenye mtihani wa marudio wa fiziolojia, ule ambao sisi wanafunzi tunauita sapu. Jioni mke wangu Osmunda, ambaye ni fundi cherehani na hajawahi kukanyaga chuo, alishika daftari langu akaniuliza pampu ya seli inatoa sodiamu wangapi na kuingiza potasiamu wangapi. Nikasema wawili kwa wawili. Akalifunga daftari.

"Longi," akasema, "kalale."

Nikalala. Ndiyo hiyo foleni.

Ilikuwa foleni ndefu ya sodiamu watupu, na mbele yetu palikuwa na ukuta, utando wa seli. Ukuta wenyewe ulikuwa watu. Walijipanga safu mbili, safu moja ikitutazama sisi, nyingine ikitazama ndani, na miguu yao ikikutana katikati. Vichwa vyao vililowa maji na vilifurahia. Miguu ilikuwa imepakwa mafuta, na haikutaka kuguswa hata na tone.

Nikamfuata mama mmoja mnene wa safu ya nje.

"Shikamoo mama. Naomba kupita."

"Marahaba. Una chaji?"

"Simu yangu ina asilimia arobaini."

"Siulizi ya simu. Wewe mwenyewe."

Nikajitazama. Kifuani nilikuwa na alama ya kujumlisha, imeshonwa vizuri kwa uzi mwekundu.

"Ninayo moja. Chanya."

"Basi hapa hupiti. Mwenye chaji hapiti kwenye mafuta. Kasubiri mlango kama wenzako."

Wakati huohuo Oksijeni akaja, mikono mfukoni, akapenya kati ya miguu ya yule mama bila kumsalimia mtu.

"Na yule je?"

"Yule ni mdogo na hana chaji," akasema mama. "Tumzuie kwa kosa gani?"

Mlango wetu ulikuwa pembeni, umefungwa. Bawabu aliyekaa juu yake hakuwa na masikio; alisikia umeme tu. Alituambia hivi, bila kututazama: jirani akishtuka, yeye hufungua. Hufungua kwa muda wa kufumba na kufumbua macho. Asiyewahi, shauri yake.

Jirani akashtuka.

Mlango unafunguka. Tunaingia, lakini si kwa kukimbia. Sakafu imeinama, kwa sababu nje tuko wengi na ndani ni wachache, na sheria inasema kutoka penye wingi kwenda penye uchache. Ninateremka kwa makalio. Mbele yangu sodiamu mwenzangu anateremka chali huku akiomba radhi kwa kila anayemgonga. Nyuma yetu bawabu anafunga. Paa.

Nikasimama, nikajipangusa. Nilipogeuka, nikakuta maji yamesimama nyuma yangu. Nikapiga hatua mbili, nayo hatua mbili.

"Mbona mnanifuata?"

"Tunafuata chumvi," maji yakajibu kwa adabu.

"Mimi ni sodiamu tu. Siwi chumvi mpaka nikutane na kloridi."

"Hatuna haraka," yakasema maji.

Ndani palikuwa kama bwalo la chuo, refu, lakini badala ya meza palikuwa na kamba. Kamba nyembamba zilizoitwa aktini zilipita katikati ya kamba nene zilizoitwa mayosini, na kamba nene zilikuwa na mikono mingi midogo iliyoning'inia bila kazi.

"Mnasubiri nini?" nikawauliza.

"Kalsiamu," mikono ikasema.

Akaingia kwa mlango wake mwenyewe, taratibu, bwana mmoja wa makamo mwenye suti ya kijivu na alama mbili za kujumlisha kifuani. Hakutazama kulia wala kushoto. Akaenda mpaka kwenye ghala lililokuwa ukutani, akabisha mara moja. Mlango wa ghala ukafunguka, wakatoka Kalsiamu wengine elfu nzima, wote wamevaa suti ileile. Mikono ikashika kamba. Ikavuta. Bwalo zima likajikunja, kuta zikanijia usoni.

Duf.

Kisha Kalsiamu wakarudi ghalani mmoja mmoja wakipewa mkono kwa heshima, mikono ikaachia, bwalo likanyooka. Yule wa kwanza akabaki karibu nami, akijifuta jasho kwa leso.

"Kazi nzuri," nikamwambia.

"Ni pigo moja tu," akasema. "Leo peke yake yatazidi laki moja."

Ndipo sauti ikaja kutoka kila upande, kwenye kuta, kwenye kamba, kwenye maji yaliyosimama nyuma yangu. Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyechoka.

"Longi, geukia huko. Unakoroma."

Nikaijua. Ni sauti ambayo nimelala kando yake kwa miaka sita. Nilikuwa ndani ya moyo wa Osmunda.

Nikavua viatu.

"Vaa," akasema Kalsiamu. "Hapa wote wanaingia na viatu. Mimi mwenyewe ninaondoka leo." Akatoa mfukoni barua iliyokunjwa mara nne. "Nimepata uhamisho. Kituo kipya. Hakijafunguliwa bado."

"Hongera. Kiko wapi?"

"Sijui. Wameandika tu kwamba nifike na sodiamu mmoja, asiyejua kazi sana, ili asiwe na majivuno."

Tukatazamana. Kwenye bwalo lote hakukuwa na mwingine mwenye sapu.

Mlango wa kutokea ulisimamiwa na Mama Pampu, mwanamke mwenye kifua kipana na filimbi shingoni. Kazi yake, tofauti na bawabu, ilikuwa kupandisha watu mlima, kutoka penye uchache kurudi penye wingi, na kazi hiyo haifanyiki kwa tumbo tupu. Kando yake alikuwepo dada mmoja aitwaye ATP, mbeba nguvu za seli, mwenye vikapu vitatu mgongoni vimefungwa kwa mfuatano. Alikivunja kikapu cha mwisho, akampa Mama Pampu, naye akala palepale akiwa amesimama.

"Sodiamu watatu nje!" akaita huku akitafuna. "Potasiamu wawili ndani!"

Nikasogea na wenzangu wawili. Akanishika bega.

"Wewe ndiye uliyesema wawili kwa wawili?"

"Nilikosea, mama."

"Ningefanya kazi kwa hesabu yako, huyu mwanamke angevimba asubuhi kama mkate. Sema tena."

"Watatu nje, wawili ndani."

"Kwa sauti."

"Watatu nje! Wawili ndani!"

Akapuliza filimbi, akanitupa nje kwa mikono miwili. Kalsiamu alikuwa ameshatoka kwa mlango wa kwake na ananisubiri, barua mkononi, suti haina hata mkunjo.

Sasa tuko kwenye damu. Tunakwenda haraka, tunapinda, tunapita mahali pekundu na mahali pekundu zaidi, kisha bila taarifa tuko kwenye ofisi ya mpakani. Kuna kaunta ndefu. Damu ya upande wetu inafika, inashusha abiria, inageuza. Ng'ambo ya kaunta kuna damu nyingine, nyembamba, mpya, nayo inasubiri abiria wake. Damu hizo mbili zinapungiana mikono, hazigusani.

Karani alikuwa na miwani.

"Damu ya upande huu na ya ule hazichanganyiki," akasema. "Wanavuka waliotajwa kwenye barua tu, na maji, ambayo hayazuiliki. Kalsiamu, wewe utabebwa. Huyu mwingine ni nani?"

"Ni wangu," akasema Kalsiamu.

Karani akafungua daftari kubwa. Nikachungulia. Kwenye mstari wa mwenye kituo paliandikwa jina la ukoo: Ndunguru. Kwenye mstari wa jina la kwanza paliandikwa: bado.

Nikasoma mara mbili. Mimi na Osmunda mambo hayo tulishaacha kuyazungumza. Mwaka wa kwanza tuliyazungumza kila siku, mwaka wa pili kila mwezi, na tangu mwaka wa nne tukikutana na mama aliyebeba mtoto barabarani tunaanza kuzungumza habari za mvua.

"Ndunguru wako wengi Songea," nikamwambia karani.

"Wengi sana," akasema karani, akagonga muhuri.

Kituo kipya kilikuwa bomba moja lililopinda kidogo, dogo kama punje ya ulezi. Humo ndani seli walikuwa wamekaa mistarimistari, kimya, magoti pamoja, kama watu walioitwa kwenye mkutano na mwenyekiti hajafika. Kamba zao zilikuwa mpya. Mikono yao ilikuwa haijawahi kushika kitu.

"Hamjambo," nikasema.

"Hatujambo," wakajibu kwa pamoja, polepole.

"Mmeanza?"

Wakatazamana. "Kuanza nini?" akauliza seli mmoja wa mstari wa mbele.

Nikamgeukia Kalsiamu. Kalsiamu akatazama saa yake. "Mimi siwezi kutangulia," akasema. "Mlango wangu haufunguki mpaka sodiamu aingie taratibu na kupandisha chaji kidogo kidogo. Ndiyo maana ya wewe kuwepo. Nao hawawezi kukaa hivi mpaka kesho. Moyo usipoanza leo, kituo kinafungwa na mimi narudishwa."

Nikasogea mstari wa mbele. Maji yaliyokuwa nyuma yangu nayo yakasogea.

Kwa yule seli wa mbele palikuwa na mlango ambao haukufungwa sawasawa. Uliachwa wazi kama upana wa ukucha. Kwenye mitihani miwili mfululizo niliulizwa kwa nini moyo unaweza kujianzishia wenyewe bila kuambiwa na ubongo, na mara zote mbili niliandika kwamba ni uwezo wa Mungu, nikapewa nusu alama. Sasa nilikuwa nautazama ule mlango. Kumbe mtu anapenya tu, ndani pakiwa pamepumzika, bila kuitwa na yeyote.

"Subiri," akasema yule seli, akaweka mkono wake mlangoni. "Kabla hujaingia. Tukianza, tutavuta?"

"Mtavuta."

"Halafu?"

"Halafu mnaachia. Mkishavuta, hata jirani apige kelele namna gani, hamwitikii mpaka mmeachia. Msivute moja kwa moja. Moyo unaovuta bila kuachia haujai, na usiojaa hauna cha kusukuma."

Nilishangaa kuyasikia maneno hayo yakitoka kinywani mwangu. Hata Kalsiamu alinitazama.

"Tutafanya hivyo mpaka lini?"

"Miaka sabini. Themanini, mkijaliwa."

Nyuma kabisa mtu akakohoa.

"Bila likizo?" akauliza seli.

"Likizo ipo. Kila baada ya pigo."

"Ndefu?"

"Fupi. Lakini ni ya lazima."

Akafikiri. Kisha akatoa mkono wake mlangoni.

Ninaingia. Ni padogo, naingia kwa bega, kisha kwa nyonga. Nyuma yangu sodiamu wa huku, ambao sikuwa hata nimewaona, wanafuata mmoja, mwingine, mwingine. Maji yanasema samahani na kuingia pia. Chaji inapanda. Taa ambayo haikuwepo inaanza kuwaka. Nasikia mlango wa Kalsiamu ukilia bawaba, naye anaingia, anakaza tai, anakwenda moja kwa moja kwenye zile kamba mpya. Mikono inashika. Seli wa mbele anapitisha habari kwa jirani kupitia tundu lililo kati yao, jirani kwa jirani yake, mpaka kwa yule aliyekohoa.

Duf.

Ilikuwa ndogo. Nimewahi kusikia kifungo cha shati kikianguka sakafuni kwa kishindo zaidi ya hicho.

Wakaachia. Wote walikuwa wananitazama mimi.

"Ndiyo hivyo?" akauliza yule seli.

"Ndiyo hivyo," nikasema. Nilikuwa nalia, na maji yaliyokuwa nyuma yangu yakaona aibu yakatazama pembeni.

"Turudie?"

"Rudieni."

Duf. Na nyingine. Mara ya nne hawakuniuliza tena.

Pampu wa pale alikuwa ameajiriwa dakika hiyohiyo. Filimbi yake ilikuwa bado kwenye karatasi. Akatushika mabega kwa woga, akahesabu.

"Mmoja. Wawili..." Akanitazama.

"Watatu," nikamwambia.

Akanitupa nje, nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Jua lilikuwa limeshafika kwenye kioo cha kabati, na Osmunda alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amenipa mgongo. Nikasikia kitu kikivunjika mdomoni mwake. Kach. Kach.

"Unakula nini?"

Akashtuka, akaficha mkono kwenye khanga. Kisha akautoa. Alikuwa ameshika kijiti cha udongo, ule wa kuliwa, ambao wajawazito huununua sokoni.

"Sijui kimenipata nini," akasema. "Nilipita tu kwenye meza ya yule mama, harufu ikaniita. Hiki ni cha tatu tangu juzi. Usinicheke."

"Sicheki." Nikaketi. "Osmunda, siku zako ni lini?"

Akaacha kutafuna. Akatazama dari, akaanza kuhesabu kwa vidole vya mkono wa kulia. Vikaisha. Akahamia wa kushoto. Akafika kidole gumba, akarudi mwanzo, akahesabu tena, safari hii midomo ikicheza. Kisha mikono yote miwili ikakaa mapajani.

"Longi."

"Naam."

"Mimi mwenyewe sikuwa nimegundua. Wewe umejuaje?"

Nilifikiria kumweleza habari za bawabu, karani na bwana wa suti ya kijivu. Ilikuwa habari ndefu.

"Nimetoka huko sasa hivi," nikamwambia.

Akakivunja kile kijiti katikati, akanipa nusu, nami nikala.