Asali ya Batuli

Kila asubuhi, baada ya kufagia uani, Batuli alichuja asali kwa kitambaa cheupe na kuijaza kwenye chupa, na mama yake mdogo, Tatu, akafunga vifuniko. Jumapili ile Tatu alichelewa kutoka ndani. Batuli alipomwona alisema, “Shikamoo, mama mdogo,” na kabla salamu haijaisha nyuki akamtoka mdomoni, akatua juu ya chupa.

“Marahaba. Ziba mdomo, mwanangu, wasije wakaingia kwenye asali ya watu.”

Nyuki wa pili akatoka.

“Leo wamewahi,” alisema Tatu, akaendelea kufunga vifuniko. Kwa kawaida walitoka jioni, baada ya mkutano.

Nyuki hao walianza chuoni. Batuli alisomea maendeleo ya jamii, na siku ya mahafali alichaguliwa kutoa neno la shukrani kwa niaba ya wahitimu. Alilikariri kwa muda mrefu, akilisema mbele ya kioo na mbele ya mbuzi wa jirani. Alipopewa kipaza sauti alisema “Asanteni,” akakaa. Neno lililobaki halikuwa na pa kwenda. Lilimwasha kooni hadi jioni, kisha likamtoka likiwa kundi la nyuki, nao wakahamia kwenye sanduku lake la mbao. Tangu hapo, kila alipojiapiza kusema mbele ya watu akashindwa, kundi liliongezeka. Harusi ya rafiki yake Shamila peke yake ilijaza sanduku hadi kifuniko kikagoma kufunga.

Mtaa wao wa Ng'ambo umepokea misafara ya kila namna tangu enzi za wapagazi, na wenyeji wake hawana desturi ya kumshangaa mgeni. Tatu alileta moshi, akarina. Asali ilikuwa nyepesi, nzuri kwa kikohozi, na wateja waliifuata hata kutoka mtaa wa Cheyo. Kasoro yake ilikuwa moja: aliyeila hakumaliza siku bila kusema jambo ambalo Batuli alikuwa amekusudia kulisema. Kondakta mmoja alisimama katikati ya stendi ya Nzega, akawashukuru wakufunzi wote wa chuo kwa majina, na mpishi pia. Abiria wakapiga makofi, basi likaondoka. Adinani, fundi seremala, alimwambia mteja mwenye ndevu nyeupe, “Shoga yangu, umependeza, Mungu awape masikilizano na mumeo.” Mzee aliitikia amina, akabeba stuli yake akaenda.

Maneno ambayo Batuli alikuwa ameshindwa kuyasema kuliko yote yalihusu Ukumbi wa Akina Mama.

Matofali ya ukumbi huo yalifyatuliwa na wanawake wa mtaa, ili wapate mahali pa kukutania. Siku ya kuufungua mvua ilinyesha, na wanaume waliokuja kama wageni wakaingia kujikinga. Mvua ilikatika. Hawakutoka. Tangu siku hiyo mikutano ya mtaa ilifanyika humo, wanaume wakiwa ndani kwenye viti na wanawake nje kwenye majamvi, chini ya madirisha. Mwanamke mwenye neno alimnong'oneza Mzee Uwesu, aliyekaa ndani karibu na dirisha. Mzee Uwesu alilisikiliza lote kwa makini, akauliza asipoelewa, kisha akasimama na kuuambia mkutano, “Akina mama wanashukuru.”

Jumapili hiyo mkutano ulikuwa na ajenda ya kubadilisha jina lililoandikwa juu ya mlango. Baadhi ya wanaume walilalamika kwamba haipendezi kukutana kwenye ukumbi wa akina mama.

“Leo nitasema,” alisema Batuli, akiwapisha nyuki wengine.

“Ulisema hivyo mwezi wa Rajabu,” alisema Tatu. “Nilirina ndoo nzima. Na ujue chupa ya ndoo ile amechukua mwenyekiti mwenyewe. Huenda akakusemea.”

Batuli aliona aibu kwa jinsi alivyofurahi. Alivaa buibui, akaenda mkutanoni akiwa na moyo mwepesi.

Mwenyekiti Lugembe aliwasalimu watu kwa “Mwangaluka,” akaitikiwa. Akamalizia kikombe chake cha chai ya asali na kuanza na ajenda ya taka. Akiwa bado kwenye taka, akasema, “Wanawake ndio waliojenga ukumbi huu. Jina libaki, nao wakae ndani.”

Ukumbi ulilipuka kwa makofi.

“Mwenyekiti ana busara huyu!” alisema mtu wa mstari wa mbele.

“Wachache sana wenye kuthubutu hivyo,” alisema mwenzake, akijinyoosha vizuri kwenye kiti.

Katibu aliyaandika maneno yale kuwa ni ya mwenyekiti. Lugembe alishukuru kwa makofi, akajifuta mdomo, akatangaza kwamba sasa wanapiga kura ya kubadilisha jina.

Mzee Uwesu alichungulia dirishani. “Mmesemewa vizuri, wanangu. Niwafikishie shukrani?”

Kwenye jamvi, Batuli alivitazama viti. Kila kimoja kilikuwa na mtu yuleyule. Akasimama.

“Choo kiko nyuma, shoga,” alisema Ummy, jirani yake.

“Siendi chooni. Naingia ndani.”

“Ndani wapi?”

Mdomo wa Batuli ulikuwa umeshajaa. Alizunguka hadi mlangoni, akaingia, akafika mbele, na alipofungua mdomo nyuki walitoka wote kwa pamoja, wakaufunika ukuta kuanzia ubaoni hadi darini. Wanaume walipandisha kola za mashati. Mmoja alimsogezea mwenzake kofia.

“Nyuki wasubiri mengineyo,” alisema Lugembe, na nyuki wakanyamaza.

Mzee Uwesu alimfuata Batuli kwa haraka yote ambayo magoti yake yalimruhusu. “Mjukuu wangu, unajisumbua bure. Nipe mimi neno lako, nitalifikisha.”

“Babu, ukilibeba wewe linapungua.”

Mzee Uwesu alifikiri. “Kweli,” alisema bila kukasirika, “linapungua,” akaenda kukaa.

Kura ya kubadilisha jina ilipita. Fundi alikuja wiki hiyohiyo na rangi ya bluu, na sasa juu ya mlango pameandikwa Ukumbi wa Mtaa. Wanawake bado wanakaa kwenye majamvi, na wanaume husema huko nje ndiko kwenye hewa nzuri. Nyuki waliondoka ukutani kabla ya adhuhuri, hawakurudi tena sandukuni, na Tatu amehamia kwenye biashara ya karanga, jambo analomkumbusha Batuli kila wanapokula.

Kuhusu alichosema Batuli, waliokuwepo hawapishani. Aliongea bila kipaza sauti, na waliokuwa nje walimsikia kupitia madirisha yote.

“Naitwa Batuli Abbasi,” alisema. “Mama yangu alifyatua matofali ya ukuta huu, mimi nikiwa mgongoni kwake. Ukumbi ni wetu. Sogeeni kidogo, nikae.”