Saa Sita ya Usiku Upi

Msusi aliamka Ijumaa hiyo na furaha zake, na hasira ikamkuta kwenye duka la kompyuta kabla jua halijapanda vizuri. Binti yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano kwa sababu utotoni hakuna mwanasesere aliyesalimika na vijiti vyake, alibonyeza pale pa kutuma maombi ya chuo cha uuguzi. Kikatokea kisanduku chekundu. Akabonyeza tena, kikatokea kilekile. Maombi yamefungwa.

"Yamefungwaje, na leo ndiyo Ijumaa?" msusi aliuliza.

Sindano alimgeukia baba yake, aliyesimama nyuma yao.

Baba mtu alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na hata mkewe alimwita Mwalimu. Tangazo la chuo lilikuwa la Kiingereza kitupu, na lilisema maombi yangefungwa "midnight Friday", yaani saa sita ya usiku, Ijumaa. Jana yake jioni Sindano alikuwa na kila kitu tayari, vyeti vimegongwa mihuri, picha zimekatwa, akaomba wakatume saa ileile. Mwalimu alikuwa ameshavua viatu, hana mpango wa kuvivaa tena. Akasema usiku wa Ijumaa ni usiku wa Ijumaa, wana siku nzima mbele yao, presha ya nini? Mtoto alisisitiza mpaka akaambiwa asimfundishe baba yake Kiingereza.

Walikwenda chuoni kwa miguu. Msajili aliwapokea vizuri. Alikuwa mtu nadhifu, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba, na alieleza taratibu kama anayezungumza na wagonjwa. Siku ya Kizungu huanza saa sita ya usiku, alisema. Kwa hiyo saa sita ya usiku ya Ijumaa ndipo Ijumaa inapoanzia. Wao wamechelewa kwa usiku mzima.

Mwalimu akavuta kiti. Akasema hapana, kwa matumizi ya kawaida saa sita ya usiku huhesabiwa na siku inayokwisha, kwa hiyo ni mwisho wa Ijumaa. Msajili akataja kamusi. Mwalimu akataja kamusi nyingine, nene zaidi. Baada ya muda wakahamia kwenye Kiingereza chenyewe, mmoja akipinga, mwingine akicheka kwa heshima na kuinua kidole. Msusi alishika nusu tu ya maneno yao, lakini jambo moja alilielewa barabara: walikuwa wanafurahia. Msajili akaagiza chai. Vikaletwa vikombe viwili.

Sindano alikuwa amesimama karibu na mlango, bahasha ya vyeti ameikumbatia. Hakuna aliyemwangalia.

Msusi aliweka kiganja katikati ya meza, kati ya vikombe.

"Tangazo hili umeliandika wewe?" alimwuliza msajili.

"Ndiyo, mama."

"Ulipokuwa unaliandika, kichwani mwako ulikuwa usiku upi?"

"Usiku wa kuamkia Ijumaa."

"Basi kwa nini hukuandika hivyo?"

Msajili akavaa miwani. Alisema alichoandika ni sahihi.

"Sijakuuliza usahihi, baba. Ulijua unachotaka kusema, ukaandika kitu kingine ili sisi tubahatishe."

Msajili akajibu kwamba mwuguzi lazima ajue Kiingereza, na Mwalimu wa watu akatikisa kichwa kukubali. Akasema hapo mwenzake ana hoja.

Msusi akamgeukia. Sauti haikupanda, ilishuka. "Mwalimu, nyamaza. Jana ulimkatalia mtoto ukiwa umejinyoosha kwenye kochi. Leo unakunywa chai na mtu aliyemfungia mlango."

Mwalimu akakirudisha kikombe mezani. Msajili akasema mjadala umefungwa, na rufaa hazipokelewi.

Nje, kwenye korido, msusi alikuta watu wanazidi kuja. Palikuwa na seremala na mpwa wake, msichana mwenye mtoto mgongoni, na ndugu wawili waliovaa kama wanakwenda harusini. Wote walikuwa na bahasha, na wote walikuwa wameuhesabu usiku ule kama Mwalimu alivyouhesabu. Seremala alikuwa ameshaanza kugeuka aondoke. Msusi akamzuia. Miaka yote aliyopaza sauti kuzishinda kelele za mashine za kukaushia nywele saluni kwake ilimfaa siku hiyo. Aliwaambia hapa haondoki mtu, akawapeleka wote hadi mlangoni kwa mkuu wa chuo na kugonga mpaka kikao kilichokuwa ndani kikakatika.

Mkuu alitoka. Mama wa makamo, mwuguzi wa zamani, viatu vyake bado vya wodini. Alilisoma tangazo, akalisoma tena, kisha akamwita msajili. Msajili akaanza habari za mwanzo wa siku na mwisho wa siku.

"Ukimwandikia hivi mwuguzi wa zamu," mkuu alimkatiza, "mgonjwa atapewa dawa usiku upi?"

Mkuu akaagiza maombi yafunguliwe hadi jioni, na tangazo jipya libandikwe, la Kiswahili. Sindano alituma yake palepale ofisini. Kwa haraka alikosea jina lake mwenyewe mara ya kwanza.

Ungedhani hasira za msusi zingeisha. Hazikuisha. Jioni ileile alimsikia Mwalimu barazani akiwasimulia majirani jinsi "tulivyowabana" wale watu wa chuo. Akatoka na mwiko mkononi, akawaambia majirani nani alibana na nani alikuwa amekaa, kisha akarudi jikoni. Siku kadhaa zilizofuata maneno yao yote yalipitia kwa mtoto. Mwambie baba yako chakula tayari. Mwambie mama yako nimeshiba.

Hatimaye Mwalimu akaja saluni, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga, akasimama katikati ya wanawake wenye taulo kichwani. Wote wakageuka wamsikie.

"Nilipaswa kumsikiliza mtoto," alisema.

Msusi hakuinua macho. Alimalizia msuko aliokuwa nao, akaukaza kuliko ilivyohitajika mpaka mteja akaguna.

"Kaa pale," alisema. "Nina vichwa viwili vinasubiri."

Mwalimu akakaa.